Kabla Sakafu Haijafungwa: Maelezo kwa Wenye Boti Kuukuu za Faiba

Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wenu hamjapata kukiona, ingawa mnakikanyaga kila mnapoingia chomboni. Boti ya faiba ina sifa moja iliyowavuta wengi: ganda lake haliozi. Mtu aliyezoea kuipandisha mashua yake ufukweni na kuikalafati mara kwa mara huona kwamba faiba imemwondolea taabu kubwa, na ni kweli. Lakini boti nyingi za faiba, hasa zilizoundwa miaka ya nyuma, si faiba tupu. Chini ya sakafu imelala mihimili ya mbao, kutoka upande wa omo hadi tezi, iliyofunikwa kwa tabaka la faiba. Mihimili hiyo ndiyo uti wa mgongo wa chombo. Hulizuia ganda lisipinde linapopigwa na mawimbi, hubeba sakafu pamoja na watu na mizigo, na katika boti zenye injini ya ndani hubeba injini yenyewe. Ganda haliozi, lakini mbao huoza.

Neno letu la leo ni moja: anayekarabati boti kuukuu asikubali sakafu mpya ifungwe kabla hajaiona mihimili kwa macho yake. Mengine yote tutakayosema yanatokana na hilo.

Mbao hizo huozaje ilhali zimefunikwa? Maji hayahitaji mlango mkubwa. Kila skrubu iliyopigwa sakafuni ili kushika kiti, sanduku la samaki au tangi la mafuta imeacha tundu. Tundu hilo lisipozibwa vizuri, maji hupenya polepole, na faiba iliyokuwa ikiyazuia yasiingie sasa huyazuia yasitoke. Kuvu wanaoozesha mbao hustawi penye unyevu wa kudumu. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba maji ya mvua huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi. Kwa hiyo boti iliyoachwa nchi kavu bila turubai wakati wa masika yaweza kuharibika zaidi kuliko ile iliyokwenda baharini kila siku. Wenye boti katika Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika wana sababu zaidi ya kulizingatia hili, kwa kuwa maji yao ni maji baridi mwaka mzima.

Kuna jambo la pili lililojificha huko chini. Boti nyingi zimejazwa povu gumu chini ya sakafu, ili chombo kiendelee kuelea hata kikijaa maji. Povu hilo likikaa katika maji kwa miaka mingi hunyonya. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Povu lililonyonya lita 150 limeongeza kilo 150 chomboni, yaani uzito wa watu wazima wawili wasiolipa nauli na wasioshuka kamwe. Mwenye boti akihesabu abiria wanane, bahari inahesabu kumi.

Je, mlaji asiye fundi atatambuaje? Dalili zipo. Sakafu hubonyea chini ya mguu, au hurudisha mguu kama kitanda cha kamba. Boti hukaa chini majini kuliko zamani, huchelewa kuinuka inapopewa moto, na hunywa mafuta mengi kuliko desturi. Bolti zilizokuwa zimekaza hulegea, na zikikazwa huzunguka bila kushika. Nyufa nyembamba mithili ya utando wa buibui hujitokeza kwenye ngozi ya nje karibu na mahali mihimili ilipo. Harufu ya uvundo hutoka katika ngama hata baada ya maji kufuliwa.

Ukiwa na mashaka, chukua mpini wa nyundo ugongegonge sakafu na pande za mihimili inayofikika. Mahali pazima hulia kwa sauti kavu na kali. Mahali palipooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Kipimo cha hakika zaidi ni kutoboa tundu dogo kwa keekee upande wa ndani wa mhimili, bila kugusa ganda. Ukitoka unga mkavu wa rangi ya mbao, hiyo ni habari njema. Ukitoka unga mweusi, mbichi, au maji yenyewe, umepata jibu. Tundu hilo lizibwe mara moja kwa epoksi. Kama boti si yako bado, omba kwanza ruhusa ya mwenyewe. Na muuzaji anayekataa kipimo kidogo kama hicho amekupa sababu ya kutafakari.

Hapa ndipo hadhari inapohitajika zaidi. Boti kuukuu inapoletwa sokoni, mara nyingi huja na rangi mpya na zulia jipya, na pengine sakafu mpya kabisa. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sakafu mpya iliyopigiliwa juu ya mihimili iliyooza humpa mnunuzi utulivu asiostahili kuwa nao. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si "Sakafu imebadilishwa?" bali ni "Mihimili ilikuwaje ilipofunguliwa, na picha ziko wapi?"

Sasa tuseme umeamua kukarabati. Hatukusudii kuwafanya ninyi kuwa mafundi. Tunataka mjue kazi njema inafananaje, ili mjue mnalipia nini.

Kazi huanza kabla ya msumeno. Boti iwekwe nchi kavu, iwe sawa kwa pima maji, na ganda lishikiliwe sehemu nyingi kwa urefu wake wote. Ganda lililoondolewa mihimili ni laini. Likiegemea magogo mawili tu litapinda, na mihimili mipya itakapofungwa litabaki limepinda hivyo daima. Boti ya namna hiyo haitakwenda sawasawa tena. Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu hupima na kuandika kimo na nafasi ya kila mhimili, hukata vielezo vya maboksi kufuata umbo lake, na haondoi mihimili yote kwa siku moja. Sakafu ya zamani hukatwa kwa msumeno uliorekebishwa kina chake, usije ukafika kwenye ganda.

Kisha huja kazi ya kusugua, ambayo ndiyo ngumu na ndiyo inayorukwa. Faiba mpya haishiki juu ya rangi, mafuta wala uchafu. Ni lazima mahali pa kuungia pafutwe mafuta, pasuguliwe mpaka faiba safi ionekane, na vumbi liondolewe. Rezini ya poliesta ni ya bei nafuu na imejenga boti nyingi, lakini katika kuunganisha kipya na cha zamani, na katika kushika mbao, epoksi hushika kwa nguvu zaidi. Kila moja ina kitambaa chake: mkeka wa kawaida wa nyuzi fupi umetengenezwa ili gundi yake iyeyuke katika poliesta, nayo haiyeyuki katika epoksi. Mwulize fundi anatumia ipi na kwa kitambaa gani. Fundi anayejua kazi yake atajibu bila kusita.

Kuhusu mbao, jambo la kwanza ni ukavu. Mbao mbichi iliyofungwa ndani ya faiba imefungwa pamoja na ugonjwa wake. Mbao za mtiki zinasifiwa kwa haki, lakini zina mafuta asilia yanayozuia rezini isishike vizuri. Ubora wake juu ya sitaha haumaanishi ubora ndani ya faiba. Plaiwudi ya majini yenye alama ya BS 1088 ina tabaka na gundi zilizothibitishwa kwa maji, lakini alama hiyo haisemi kwamba mbao zake haziozi. Nayo pia ipakwe rezini pande zote, na zaidi kwenye kingo.

Mhimili mpya haukandamizwi moja kwa moja juu ya ganda. Hulazwa juu ya rezini iliyofanywa nzito, na pembeni hutengenezwa mviringo ili faiba ipite bila kuvunjika kwenye kona. Tabaka za faiba hupandishwa kutoka kwenye ganda hadi juu ya mhimili, kila moja ikiwa pana kuliko iliyotangulia. Njia za maji ziachwe, nazo zipakwe rezini ndani, ili maji ya ngama yatiririke kuelekea tezi badala ya kutuama. Mwisho, kila tundu la skrubu kwenye sakafu mpya litobolewe kubwa kuliko inavyohitajika, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya kwa kipimo chake. Kazi hii ndogo ndiyo inayoamua kama mtarudi kwa fundi baada ya miaka mitano au la.

Tuseme neno juu ya afya. Vumbi la faiba huumiza ngozi, macho na mapafu, na mvuke wa poliesta hulevya. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Inahitajika ile yenye vichujio vya mvuke, pamoja na miwani, glavu na nguo za mikono mirefu, mahali penye hewa ya kutosha. Watoto wasisogee karibu. Na kwa wanaochanganya wenyewe: dawa ya kugandisha poliesta na dawa ya kuharakisha yenye kobalti zisikutane moja kwa moja katika chombo kimoja, kwa maana mchanganyiko huo waweza kulipuka.

Tunarudi kwenye fedha, kwa kuwa wengi wenu mnakarabati kwa akiba ya miaka au kwa mkopo wa chama. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni mapatano, hata kama fundi ni jirani au shemeji. Yaandikwe mambo haya: aina ya mbao na unene wake, aina ya rezini, idadi ya tabaka za faiba, kama povu la zamani litaondolewa, nani ananunua vifaa, na muda wa kumaliza. Kisha gaweni malipo kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kufungua na kukagua. Hapo fundi na mwenye boti husimama pamoja juu ya kilichofunguliwa na kukubaliana upya juu ya gharama, kwa sababu hakuna fundi mkweli awezaye kutaja bei kamili ya kitu asichokiona. Kagueni pia ubao wa tezi unaobeba injini, maana mara nyingi huoza pamoja na mihimili. Ikiwa jumla imezidi thamani ya boti, huu ndio wakati wa kusimama, nanyi mtakuwa mmepoteza kidogo. Hatua ya pili ni kukamilika kwa mihimili, kabla ya sakafu. Hatua ya tatu ni sakafu kufungwa. Hatua ya nne ni boti kujaribiwa majini ikiwa na uzito wake wa kawaida, kisha ngama kukaguliwa. Fungu la mwisho lisiwe dogo mno hata fundi aone si kitu kuliacha.

Katika kila hatua pigeni picha kwa simu. Mwombeni fundi asitupe mbao zilizotolewa kabla hamjaziona. Hayo si matusi kwa fundi. Fundi mwema hunufaika nayo kuliko yeyote, kwani kazi yake bora hufichwa na sakafu, na picha hizo ndizo ushahidi wake pekee. Nanyi mtakapoiuza boti siku moja, picha hizo zitaongeza thamani yake.

Likitokea tatizo, mlaji hayuko peke yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara. Aliyeuziwa mihimili iliyooza kwa maneno ya "imekarabatiwa yote" ana mahali pa kulalamika, mradi awe na maandishi. Tena, chombo kilichobadilishwa sehemu zinazobeba nguvu zake ni vyema kikaguliwe kabla ya kurudi kazini. Kwa Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Kwa Zanzibar, na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Mwiteni mkaguzi wakati sakafu iko wazi, si baada ya kufungwa. Mkaguzi naye hana macho ya kupenya mbao.

Ndugu wasikilizaji, anayepanda boti yako hana nafasi ya kufunua sakafu. Mama anayevuka na mtoto, mvuvi anayelala kombe usiku kucha, mgeni anayekwenda kutazama matumbawe, wote wanasimama juu ya kitu wasichokiona, wakikuamini wewe kwamba ulikiona kwa niaba yao. Basi kioneni, kabla sakafu haijafungwa.