Hata Asiyejua Kusoma Ana Hadithi Yake
(Mada kwa wanafunzi wa sekondari, Ushetu)



Najua mtu wa afya akija shuleni mnategemea UKIMWI au mimba za utotoni. Leo hapana. Leo tuongee kuhusu yule mtoto wa miaka miwili unayembeba mgongoni ukishatoka shule. Ni mdogo wako, au mtoto wa dada yako. Kwa wengine ni wa kwako mwenyewe, maana tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani.

Je, huyo mtoto leo umeongea naye nini? Toa "acha", "njoo" na "nyamaza". Kimebaki nini?

Sikulaumu. Msimu wa tumbaku wakubwa wanaamkia shambani. Wewe una maji ya kuchota, kuni, na hesabu za mwalimu. Lakini ubongo wa mtoto hukua kwa kasi sana katika miaka mitatu ya mwanzo, na chakula chake si uji tu. Unahitaji pia maneno, na mtu wa kumjibu.

Huko Boston, Marekani, madaktari walianza mwaka 1989 kuwapa watoto vitabu walipokuja kliniki. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kikawashauri wazazi wawasomee watoto tangu wanapozaliwa. Hapa kwetu, programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 imeyaweka mambo matano pamoja: afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Kwa hiyo hadithi nayo ni jambo la afya!

Sasa tufanyeje? Shule yako ina maktaba, hata kama ni kabati moja. Mwombeni mkuu wa shule Jumamosi moja, na mwalimu mmoja awepo. Halafu:

1. Waalikeni watoto wanane au kumi, wa mwaka mmoja hadi mitatu. Kila mtoto aje na mtu wake, na asiachwe peke yake.

2. Tandikeni mkeka. Wote wanawe mikono kwa sabuni, maana kitabu kitaingia mdomoni, hilo halina ubishi. Mwenye homa abaki nyumbani au aende zahanati.

3. Dakika ishirini zinatosha. Akitaka kuzunguka, mwache azunguke. Masikio yake bado yapo pale.

4. Chagueni kitabu chenye picha kubwa na maneno machache. Hakuna? Kata picha za magazeti, bandika kwenye maboksi, shona kwa uzi. Kikichanika, tengenezeni kingine.

5. Tumia lugha anayoisikia nyumbani: Kisukuma, Kisumbwa, Kinyamwezi. Kiswahili kitafuata chenyewe.

6. Usisome tu kama taarifa ya habari. Uliza, "Mbuzi yuko wapi?" Kisha NYAMAZA. Hesabu moja mpaka tano moyoni. Akinyoosha kidole, amejibu. Akisema "mee", amejibu. Mwambie, "Ndiyo, mbuzi analia mee!" Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

7. Rudieni kitabu kilekile wiki ijayo. Wewe utachoka, yeye hatachoka.

Na nyie wavulana mnaocheka pale nyuma, hii si kazi ya akina dada. Sauti ya fisi nani ataitoa?

Sasa sikilizeni vizuri, maana hili ndilo lililonileta. Katika kundi lile unaweza kumwona mtoto mmoja ambaye hageuki akiitwa jina. Wenzake wanacheka fisi akilia, yeye anaangalia mlango. Ana miaka miwili na hasemi neno hata moja. Mitaani watasema ni mkaidi, au ni bubu, au amerogwa. Wewe usiseme hivyo. Huenda hasikii! Kuna watoto wanaopoteza usikivu kwa sababu ya masikio yanayotoa usaha, na ugonjwa huo unatibika ukiwahiwa. Mtoto asiyesikia hupata shida sana kujifunza kusema asiposaidiwa, na kila mwezi unaopita unamrudisha nyuma.

Kwa kawaida, mtoto wa mwaka mmoja na nusu huwa na maneno machache, na akifika miwili huanza kuunganisha mawili, kama "mama maji". Ukiona hapana, usimtangaze mbele za watu. Mfuate mama yake pembeni, kwa heshima: "Shikamoo mama. Naomba tumpeleke mtoto zahanati wampime masikio." Abebe na kadi ya kliniki, ili waangalie pia uzito na chanjo, hasa ile ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18.

Nyumbani, katika kelele za kazi, mtoto wa namna hiyo anaweza kupita miaka bila mtu kugundua. Kwenye mkeka, dakika ishirini, mnamwona.

Kwa hiyo usingoje mradi wala mfadhili. Leo jioni, ukimshusha mgongoni, kaa naye chini. Mwoneshe kuku, umwulize anaitwaje. Halafu nyamaza, umsubiri.