Mfadhili wa Duara na Mdhamini wa Visa: Kazi za Msimu Ughaibuni kwa Vijana wa Shinyanga na Geita

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya vijana wachimbaji na wakulima, Kahama



Nianze na duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Aliyewahi kushuka shimoni Lwamgasa, Nyarugusu au Mgusu anajua kwamba kuna siku nyingi za kula kabla ya kuliona jiwe lenye dhahabu. Siku hizo lazima awepo wa kununua unga, maharage, matimba ya kushikilia kuta na mafuta ya pampu ya kuvuta maji. Huyo tunamwita mfadhili. Mawe yakitoka, anachukua fungu lake kwenye mgao pamoja na mwenye eneo, mwenye duara na wachimbaji. Yasipotoka, wachimbaji wamepoteza jasho na miezi yao, ila unga walioula ni hasara ya mfadhili.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu lilimponza mpwa wangu. Mwaka juzi alipata ujumbe kwenye simu: kazi ya kuchuma matunda Uingereza, miezi 6, visa ya "sponsa". Akanipigia akiwa na furaha: "Mjomba, nimepata mfadhili!" Baada ya hapo aliuza ng'ombe wanne, akalipa ada ya kujisajili, ada ya udhamini, na ada ya kuharakisha barua. Kila alipolipa aliniarifu, na mimi mjomba wake sikushtuka. Hilo linanichoma hadi leo. Duarani tungemcheka mtu anayejiita mfadhili huku akilishwa na wachimbaji.

Anayetajwa kwenye visa za kazi kwa kweli ni mdhamini, na maana yake mnaijua kutoka mahakamani. Mdhamini anasimama mbele ya hakimu na kusema: huyu namjua, nitamjibia. Ukitoroka, yeye ndiye anayeulizwa. Anayemdhamini mgeni anaijibia serikali yake namna hiyo hiyo: Uingereza, kwa mfano, jina lake limeandikwa kwenye orodha ya serikali, ana leseni, na leseni hiyo anaweza kunyang'anywa. Kwa hiyo swali la kwanza la kijana lisiwe "mshahara ni kiasi gani?" Aulize ni nani anayemjibia, na mbele ya serikali ipi.

Tuitazame Uingereza, kwa kuwa ndiko mpwa wangu alikoahidiwa. Mpango wao wa wafanyakazi wa msimu ulianza kwa majaribio mwaka 2019 kwa nafasi 2,500. Mwaka 2025 nafasi zilikuwa 43,000 kwa mashamba ya matunda, mboga na maua, na 2,000 kwa kazi za kuku kuelekea Krismasi. Ukomo wa kukaa ni miezi 6. Familia haiendi, na visa hiyo haibadilishwi kuwa ya kudumu ukiwa huko. Kiingereza si sharti. Ila lipo jambo moja ambalo lingeokoa ng'ombe wanne: mwenye shamba haruhusiwi kumdhamini mfanyakazi wa msimu yeye mwenyewe. Wanaoruhusiwa ni waendeshaji wachache waliopewa leseni, na serikali ya Uingereza imeyatangaza majina yao kwenye tovuti yake. Hao ndio wanaomtafuta mfanyakazi, wanampa namba ya udhamini, kisha wanampeleka shambani. Barua inayosema shamba fulani la Kent litakupa visa imejikanusha yenyewe, hata kama mhuri wake unang'aa.

Niseme pia ukweli usiofurahisha. Miaka ya karibuni wengi wanaokwenda kwa mpango huo wametoka Asia ya Kati, nchi kama Kyrgyzstan, Tajikistan na Uzbekistan, ambako waendeshaji hao wamejenga mtandao wa kuajiri. Kwa kijana wa Geita mlango huo ni mwembamba. Kanada nako, mpango wao wa wakulima wa msimu, ulioanza mwaka 1966 kwa Wajamaika, unachukua watu wa Mexico na visiwa vya Karibi tu. Mtanzania hawezi kuupata hata akilipa milioni kumi. Zipo njia nyingine za kwenda shambani Kanada, ila huko lazima mwajiri atangulie kupata kibali cha serikali yake. Marekani mwajiri ndiye anayeanza pia: anathibitisha kwamba amekosa wenyeji wa kufanya kazi hiyo, anaomba kibali, na kwa visa ya mashambani, H-2A, anatoa nyumba bure. Kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi hiyo ni marufuku.

Sasa hesabu, maana wachimbaji hawadanganyiki kwa hesabu. Kima cha chini Uingereza kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa aliyefikisha miaka 21, na mfanyakazi wa msimu anahakikishiwa saa 32 kwa wiki. Hiyo ni kama pauni 390 kwa wiki, na kwa wiki 26 ni kama pauni 10,150. Malazi, ambayo mara nyingi ni karavani ya kuchangia, yaliweza kukatwa hadi pauni 10.66 kwa siku kutoka kwenye kima hicho, yaani karibu pauni 1,940 kwa msimu mzima. Zinabaki 8,200, na humo bado kuna chakula, nauli ya ndege na ada ya visa, ambavyo kwa kawaida ni mzigo wa mfanyakazi. Mwaka 2022 magazeti ya Uingereza yaliandika juu ya Waindonesia waliofika Kent wakiwa na madeni ya madalali wa kwao yaliyofikia pauni 5,000. Toeni wenyewe muone kinachobaki. Mtu huyo amechuma msimu mzima kwa ajili ya dalali.

Kusafiri kwa ajili ya kazi ya shamba si jambo jipya kwetu. Babu zetu, Wasukuma na Wanyamwezi, walikwenda kukata mkonge Tanga tangu enzi za Wajerumani. Baadaye, mwaka 1944, wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya watu mikoani kwa mikataba. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo asili ya jina manamba. Ilikuwa kazi ngumu na yenye dharau, nami siisifu hata kidogo. Lakini hata SILABU ililipia safari ya kumfikisha manamba shambani. Leo tunawalipa watu ili watuajiri.

Jambo la afya nalitaja kwa uzito kwa wale wanaotazama kazi za nchi za Ghuba, ambako mikataba mingi ni ya miaka 2. Huko kuna kipimo cha lazima kabla ya safari, na picha ya kifua ni sehemu yake. Dalili ya kifua kikuu ikionekana, safari imekwisha. Nyinyi mmevuta vumbi la mwamba na la karasha kwa miaka. Pimeni kwanza hapa nyumbani, kituo cha afya cha serikali, ambako kipimo na matibabu ya kifua kikuu ni bure, kabla hamjatoa hata shilingi kwa ajili ya safari. Hata asiyesafiri apime.

Kwa hapa nchini, serikali ilianzisha Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, mwaka 2008, na wakala binafsi lazima awe na leseni. Mwombeni awaonyeshe, kisha mkaihakiki kwa ofisa kazi. Na aliyekwisha kutapeliwa asinyamaze kwa aibu: kuajiri mtu kwa hila ili atumikishwe kunaangukia kwenye sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008. Mpwa wangu alikaa miezi minne bila kumwambia baba yake kwamba ng'ombe wamekwenda bure. Miezi hiyo wakala aliyemtapeli alikuwa bado anapokea simu.

Barua aliyotumiwa mpwa wangu ninayo hapa, amenipa ruhusa. Nimelifunika jina lake na la shamba. Ndugu Mwenyekiti, naomba igawiwe kwa vikundi, kila kikundi kiisome mstari kwa mstari, halafu kituambie: katika karatasi hii, ni nani anayemjibia huyu kijana?