Mtoto Wetu Amepelekwa Wapi?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wajumbe wa Halmashauri ya Walei



Tume ya Haki na Amani iliponiomba nizungumze nanyi juu ya usafirishaji haramu wa binadamu, niliwauliza wazee wawili wa kigango changu kama wamewahi kuliona jambo hilo. Wote walijibu kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali. Nikawauliza tena: ni mabinti wangapi wa kigango chetu waliomaliza Darasa la Saba wamekwenda Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani? Wakawahesabu upesi. Na ni wazazi wangapi wanaoijua nyumba alimo binti yao? Hapo wazee wangu wakanyamaza.

Kwetu sisi tuishio mkoani Iringa, jambo hili mara nyingi haliletwi na mtu mgeni mwenye sura ya kutisha. Huletwa na shangazi, au jirani aliyerudi likizo, au mama tunayesali naye. Hufika na kanga na kilo mbili za sukari, akaahidi kwamba binti atafundishwa ushonaji. Nauli hulipwa. Binti akifika mjini huambiwa kwamba nauli ile ni deni, na kwamba mshahara wake unatunzwa na mwenye nyumba. Simu, kama anayo, huchukuliwa. Huwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Wengine hutolewa humo wakapelekwa kwenye mabaa, na yanayowapata huko mnayajua. Kwa wanaokwenda nchi za Ghuba kuna fundo jingine: utaratibu uitwao kafala huambatanisha kibali cha kuishi na mwajiri mmoja, na anayemkimbia mwajiri huyo huweza kuhesabiwa kuwa ndiye mkosaji.

Sisemi kwamba kila binti anayefanya kazi mjini ameuzwa. Zipo nyumba zinazowalipa mabinti kwa haki na hata kuwasomesha, na ni dhambi kuzisingizia. Lakini tangu mwaka 2008 nchi yetu ina sheria ya kuzuia biashara hii, nayo Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 imeeleza wazi kwamba aliye chini ya miaka 18, akichukuliwa ili anyonywe, amefanyiwa biashara hata kama hakudanganywa wala kulazimishwa. Basi yale maneno yetu tuliyoyazoea, "alikubali mwenyewe" na "mama yake aliridhia", hayamwokoi aliyemchukua.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 8 Februari, alitekwa huko Darfur angali mtoto, akateswa hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Jina Bakhita, yaani mwenye bahati, alipewa na waliomteka. Leo katika nyumba nyingi za mjini binti wa kazi huitwa "dada" tu. Ni neno zuri, lakini jirani anayemsikia akiitwa hivyo miaka miwili asijue jina lake, atamtajaje siku akitoweka?

Sasa niwaambie aibu ya jumuiya yangu mwenyewe. Binti mmoja alirudi baada ya miaka miwili bila hata senti, mkononi ana kovu la pasi. Tulipokwenda kumsalimu, swali letu la kwanza lilikuwa, "Umetuletea nini?" La pili hatukumwuliza yeye, tulinong'onezana njiani. Baada ya majuma machache aliondoka tena, na safari hiyo hakuaga mtu. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokwenda kumsalimu.

Kwa hiyo naomba tuanze kabla basi halijaondoka. Mama mmoja wa jumuiya aongee na binti faraghani, amwulize kama anataka kwenda. Tuandike jina la anayemchukua, mtaa, na namba za simu mbili, na binti azikariri namba za nyumbani, kwa kuwa karatasi hupotea. Paroko wetu amekubali kutoa barua kwa parokia ya huko aendako, ili wanajumuiya wa huko wamtembelee. Anayekataa kutembelewa ametujibu tayari.

Ukimwona binti mwenye dalili za mateso, usimvamie mwajiri wake. Atahamishwa usiku huohuo. Peleka habari kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo haina malipo. Na akirudi, apewe chakula na pa kulala. Jina lake lisitajwe katika matangazo ya kanisani, hata kwa nia ya kumwombea.

Mtihani wa Darasa la Saba hufanyika Septemba, na wenye kuchukua mabinti huanza kuonekana muda mfupi baadaye. Daftari la kigango liko mezani karibu na mlango, ukurasa wa kwanza umeshachorwa. Yeyote ambaye binti yake yuko mjini sasa hivi, naomba asitoke kabla hajaandika mtaa anaokaa. Na asiyeujua aandike hivyo hivyo kwamba haujui.