Uzamili Usitangulie Kazi

Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa serikali ya Kenya ulielemewa na maombi ya uongo yaliyomiminwa kwa makusudi. Kikundi kinachojiita Anonymous Sudan kilijigamba kuwa ndicho kilichohusika. Huduma zikakwama, hata viza za wageni ikabidi zitolewe wakishafika. Kwa hiyo kijana akikuambia anataka kusomea usalama wa mitandao, usimkatishe tamaa.

Tena siku hizi si lazima apande ndege. Georgia Tech ya Atlanta, Marekani, ilianza kufundisha uzamili wa fani hii kwa njia ya intaneti Januari 2019, kwa ada isiyofika dola 10,000 kwa masomo yote. Kwa mishahara ya huku si hela ndogo, lakini angalau hakuna nauli wala kodi ya nyumba Atlanta.

Ila mimi nasema uzamili huu unamfaa kwanza aliyekwisha kushika kazi. Chukua mfano wa cheti cha CISSP, ambacho waajiri wengi wa fani hii hukithamini. Juu ya mtihani, kinadai uzoefu wa kazi wa miaka 5. Shahada inayohusika, hata ile ya kwanza, inakupunguzia mwaka 1 tu. Minne iliyobaki hailipiwi ada.

Aliye kazini akifundishwa kusoma kumbukumbu za seva, anaifikiria seva ya ofisini kwake: kuna akaunti iliyojaribiwa nywila mara chungu nzima saa nane usiku, kutoka nchi ambako kampuni haina hata mteja mmoja. Asubuhi anaenda kuikagua. Mwenzake asiye na seva atafaulu mtihani, basi.

Hujaajiriwa? Tafuta nafasi kwenye dawati la huduma za kompyuta, hata ya mkataba mfupi. Nyumbani, mfumo wa Linux na Wireshark, programu ya kuchunguza mtandao, ni vya bure. Unganisha kompyuta mbili kuukuu, uchunguze kinachopita kati yake. Mtandao wako lakini, si wa jirani: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, Kenya ina yake tangu 2018.

Nawe uliye tayari kwa uzamili, kabla hujalipa iulize tume ya vyuo vikuu, yaani TCU kama uko Tanzania, au CUE kama uko Kenya, iwapo shahada ya chuo hicho inatambuliwa. Kiulize na chuo: umeme ukikatika katikati ya mtihani unaosimamiwa kwa kamera, inakuwaje?

Waajiri nao waache kudai uzamili kwa nafasi za kuanzia. Wanawarudisha vijana darasani kusaka karatasi, ilhali seva zao zinalala bila mtu wa kuziangalia.