UKOO WA BOONE NA ARDHI YA KENTUCKY



Katika mazungumzo haya nataka kuwaeleza habari za jamaa za wahamiaji waliovuka milima ya Appalachia huko Marekani katika karne ya 18, na jinsi vitukuu na vilembwe wao wanavyozitafuta nasaba zao hata sasa. Jamaa hao walikuwa wengi, nami sitajaribu kuwataja wote. Nitaushika ukoo mmoja tu, ukoo wa Boone, kwa sababu mambo mengi yaliyoupata yaliwapata na majirani zao.

Asili yao ni Uingereza. Squire Boone alizaliwa mwaka 1696 katika mji mdogo wa Bradninch, jimbo la Devon, na kazi yake ilikuwa kufuma nguo. Neno hilo Squire kwa Kiingereza ni cheo cha heshima, lakini kwake yeye lilikuwa ndilo jina lake hasa, na baadaye mwanawe mmoja akaitwa vivyo hivyo. Msomaji wa hati za kale asipoangalia sana hupotea hapo. Alikuwa mtu wa dhehebu la Marafiki, waitwao pia Wakweka, akavuka bahari angali kijana kwenda Pennsylvania, koloni la William Penn aliyekuwa wa dhehebu lilo hilo. Mwaka 1720 akamwoa Sarah Morgan, binti wa watu wa Wales. Wakazaa watoto 11, na wa sita ndiye Daniel, aliyezaliwa mwaka 1734.

Labda mtauliza, mambo ya mfumaji mmoja yamejulikanaje kwa uhakika namna hii? Marafiki walikuwa na desturi ya kuandika katika vitabu vya mkutano wao ndoa, kuzaliwa, na hata makosa ya watu wao. Humo imeandikwa kwamba mwaka 1742 binti yake Squire aliolewa na mtu asiye wa dhehebu, na baba akaomba radhi. Mwaka 1747 mwanawe Israel naye akaoa nje. Safari hii mzee alikataa kutubu, akatengwa. Fedheha ya mzee yule imekuwa hazina kwa vitukuu vyake. Mwaka 1750 aliondoka na watu wa nyumba yake, wakashika njia ya kusini mpaka mto Yadkin katika Carolina ya Kaskazini.

Huko walipakana na ukoo wa Bryan, na hapo ndipo nasaba inapokuwa kama nyavu. Daniel alimwoa Rebecca Bryan mwaka 1756. Ndugu yake Edward akamwoa Martha, dada yake Rebecca. Dada yao Mary akaolewa na William Bryan, ami yake Rebecca. Basi watoto wa nyumba hizo walikuwa na undugu wa njia mbili, na majina waliyopewa ni yale yale ya wazee: Israel, Sarah, Squire, Daniel.

Nchi ya Kentucky haikuwa nchi tupu. Washawnee na Wacherokee waliwinda humo, na amri ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1763 iliwakataza wahamiaji kuvuka milima. Hawakusikia. Mwaka 1773 Daniel alijaribu kuwapeleka watu wake, na James, mwanawe wa kwanza, akauawa njiani. Machi 1775 mfanya biashara Richard Henderson alifanya mapatano na wakuu wa Wacherokee, akadai kuwa ameinunua nchi. Kijana wao mmoja mkuu, Dragging Canoe, alipinga jambo hilo waziwazi, na Washawnee hawakuwamo katika mapatano yale. Daniel alifyeka njia, wakajenga boma la Boonesborough. Mwaka 1778 Washawnee walimteka. Desturi yao ilikuwa kumwingiza mateka katika ukoo mahali pa mtu aliyefariki. Ndivyo mkuu Blackfish alivyomfanya mwanawe, akamwita Sheltowee, maana yake Kobe Mkubwa. Baada ya miezi michache alitoroka. Rebecca alidhani mumewe amekufa, naye alikwisha kurudi Carolina na watoto. Aliyemkuta bomani ni binti yake Jemima, ambaye alikuwa ameolewa. Mwaka 1782, katika vita ya Blue Licks, mwanawe Israel aliuawa karibu naye.

Sasa nifikie jambo lililowaumiza watu hao kuliko vita. Mwaka 1779 serikali ya Virginia ilitoa sheria kwamba mtu aliyekaa Kentucky kabla ya tarehe 1 Januari 1778 apewe eka 400, na haki ya kununua eka 1,000 zaidi kando yake. Lakini serikali haikuipima nchi kwanza. Kila mtu alijitafutia mpima wake, na mipaka ikaandikwa hivi: toka mwaloni mweupe uliotiwa alama, mpaka kijito, mpaka jiwe. Mwaloni huanguka, kijito huhama. Madai yakalaliana kama makuti juu ya paa, na ukiondoa moja unakuta jingine chini yake.

Mashauri yakajaa mahakamani kwa miaka mingi. Wazee waliitwa kuapa: fulani alifika mwaka gani, alipanda mahindi wapi, nani alikuwa naye, alikuwa mwana wa nani. Mtu asiye na shahidi wa kusema babaye alifika lini aliweza kunyang'anywa shamba alilolilima maisha yake yote. Daniel mwenyewe, ambaye pia alikuwa mpima, alipoteza ardhi zake. Mwaka 1799 akahamia Missouri, iliyokuwa chini ya Wahispania, wakampa ardhi; Marekani ilipoichukua nchi ile, dai lake likakataliwa, hata Bunge lilipomrudishia mwaka 1814. Alifariki mwaka 1820.

Nyumba ya Thomas Lincoln iliona taabu hiyo hiyo. Babaye aliuawa Kentucky mwaka 1786, naye Thomas akahama mwaka 1816 kwenda Indiana. Mwanawe Abraham, aliyekuwa Rais baadaye, aliandika kwamba baba alihama kwa ajili ya utumwa kwa sehemu, lakini hasa kwa matata ya hati za ardhi.

Mwaka 1851 mtu mmoja, Lyman Draper, alimwendea Nathan, mwana wa mwisho wa Daniel, akaandika aliyoyasema. Karatasi alizokusanya Draper zimewekwa Madison, Wisconsin, karibu mijalada 500, na watafuta nasaba huzisoma mpaka leo. Kitabu chake juu ya Boone hakukimaliza. Alipenda mno kukusanya.

Lakini wako waliofika Kentucky pamoja na jamaa hao, ambao nasaba zao ni ngumu mno kuzipata, nao ni watumwa Waafrika. Monk Estill, mtengeneza baruti aliyepewa uhuru wake baada ya vita ya mwaka 1782, anajulikana, wengi hawajulikani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1850 kila mtu huru aliandikwa jina, lakini mtumwa aliandikwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wake. Mwaka 1860 ikawa vivyo hivyo. Majina yao yanatokea wote pamoja mwaka 1870. Kabla ya hapo mtafutaji hana budi kufungua wosia na hati za madeni za yule bwana, maana jina la bibi yake, kama liliandikwa, limeandikwa humo baina ya farasi na masufuria.