Safari ya Siku Moja Kwenda Dodoma kwa Reli

(Maneno haya yalisemwa barazani, mkoani Morogoro, mbele ya wanakijiji waliokusudia kwenda kuutazama mji mkuu.)

 Mmetutaka tuwaeleze jinsi ya kuitengeneza safari ya kwenda Dodoma na kurudi siku ile ile. Twaanza na jambo lililo zito. Fedha mlizoziweka kidogo kidogo tangu mavuno ni za nauli na chakula tu. Hamna ndani yake fedha ya nyumba ya wageni. Mtu mmoja akiachwa na gari la jioni, taabu haitakuwa yake peke yake, kwani kundi zima litalazimika kumtolea. Kwa sababu hiyo safari hii yapasa kupangwa kuanzia mwisho wake: kwanza tujue tutarudi kwa gari gani, ndipo tuseme tutatazama nini.

Wazee wanaijua reli ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910. Mtu aliyepanda gari la njia ile kwenda Dodoma hakutaraji kulala kwake siku hiyo. Tena mto Mkondoa, pale Kilosa, haukuwa na huruma nayo. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliivunja reli, na magari ya abiria yakasimama. Reli mpya ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na tarehe 25 Julai mwaka huo huo ikawafikisha Dodoma. Gari lake laweza kwenda kilomita 160 kwa saa, na kutoka Morogoro hadi Dodoma ni mwendo wa yapata saa mbili. Wengine wetu bado twaliita gari moshi, ingawa laenda kwa umeme wala halina moshi hata chembe. Jina halidhuru kitu.

Tiketi na zikatwe mapema, za kwenda na za kurudi pamoja. Kila mtu mzima na achukue kitambulisho chake, maana bila hicho atasumbuka. Nauli iliyotangazwa mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Sisi wa Morogoro twalipa pungufu kwa kuwa njia yetu ni fupi. Mtoto aliyepita miaka 4 na asiyepita 12 hulipiwa nusu. Saa za magari hubadilika, tena si kila gari husimama katika kila stesheni. Basi mmoja wetu na aende stesheni kuuliza juma lile lile la safari, asitegemee habari za mwaka jana.

Sasa tuhesabu pamoja. Tuseme gari la kurudi laondoka Dodoma saa kumi na moja jioni. Saa kumi tuwe stesheni, maana mizigo hukaguliwa na mlango hufungwa kabla ya gari kuondoka. Saa tisa tuwe tumekwisha kukusanyika mjini na kuhesabiwa. Tukifika saa nne asubuhi, tumebakiwa na saa tano, na ndani ya hizo mna kula, mna kusali, mna kungojana. Ukweli ni kwamba saa za kutazama hazizidi tatu na nusu.

Kwa ajili hiyo hatukubaliani na wale wanaotaka tufike kila mahali. Mji wa Serikali wa Mtumba, zilizojengwa wizara, uko umbali wa kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji, na Ikulu ya Chamwino iko mbele zaidi. Mtakayoyaona huko kwa siku moja ni kuta na malango, nanyi mtakuwa mmekula nusu ya siku barabarani.

Sisi twaona Bunge ndilo litangulie. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Bunge likawa huko tangu mwaka 1996, na sheria ya kuutangaza mji huo kuwa makao makuu ikatungwa mwaka 2018. Wengi wetu humsikia mbunge wetu redioni. Kumwona akisimama kusema habari za barabara yetu ni jambo jingine kabisa, naye akijua kwamba tumeketi juu twamtazama, huenda akasema kwa bidii zaidi. Lakini wageni hupokewa kwa mpango. Na iandikwe barua mapema kwa ofisi ya mbunge, yenye majina ya watu wote, na iulizwe kama Bunge litakuwa likikaa siku hiyo. Mkutano mrefu ni ule wa bajeti, tangu Aprili hata mwisho wa Juni. Mavazi yawe ya heshima, na simu zizimwe.

Baada ya hapo twendeni katikati ya mji, kwenye uwanja wa Nyerere yenye sanamu ya Mwalimu. Karibu na hapo yako makanisa makubwa, na msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa mwaka 2010, ambao ni miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa nchini. Vijana wanaosoma habari za mawe na madini wana makumbusho yao ya jiolojia. Hao na wafuatane na mwalimu mmoja, wasitawanyike.

Habari ya jina la mji mtaisikia kwa Wagogo wenyewe. Husimuliwa kwamba tembo alikuja kunywa maji akadidimia matopeni, watu wakasema "idodomya", yaani amezama. Tope hilo msilitafute leo, kwani nchi ile ni kavu na jua lake ni kali. Kila mtu achukue maji na kitu cha kujifunika kichwa. Chakula cha wenyeji ni ugali wa uwele kwa mlenda, nasi twawasihi msikikatae kabla ya kukionja.

Zabibu zinunuliwe mwisho, sokoni Majengo, wala si asubuhi, zisije zikapondeka mikononi. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, yapata Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Anayezitaka sana na achague safari ya miezi hiyo.

Kila watu kumi wawe na mkubwa wao, mwenye karatasi ya majina, naye awahesabu watakapotoka Bungeni, watakapotoka sokoni, na tena ndani ya behewa. Wazee wasioweza kwenda kwa haraka wawekwe pamoja na kijana mmoja mmoja. Tena Morogoro tutashuka usiku, wakati magari ya vijijini yamekwisha lala. Gari la kutupokea stesheni na lipatanwe bei kabla hatujaondoka, na mwenyewe apewe nusu tu ya fedha, nusu ya pili akishatufikisha nyumbani.