Elimu Iliyo Ndani ya Mchezo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa chama, Arua)

 

Nilipokuwa mwalimu kijana wa madrasa huko Koboko, mwanafunzi mmoja aliupasua mpira ambao wazazi walichanga fedha kuununua. Nilimchapa bila ya kumwuliza neno. Baadaye nduguye aliniambia ya kuwa mtoto alitaka kujua kwa nini mpira wa dukani hudunda kuliko ule wa matambara. Hakurudi tena madrasani.

Kosa hilo nililikumbuka niliposoma habari za Thomas McMahon, mwalimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyefariki mwaka 1999. Yeye aliuliza swali la kitoto: mkimbiaji huenda upesi zaidi juu ya ardhi ya namna gani? Akaupima mguu wa mwanadamu, akaona wafanya kazi mithili ya springi. Juu ya saruji hupata mshindo wenye kuumiza. Juu ya kitu laini kama godoro huzama na kuchelewa. Iliyo bora ni ile ya wastani, yenye kubonyea kidogo kisha ikaurudisha mguu. Kwa hesabu hizo, yeye na mwanafunzi wake Peter Greene walibuni njia ya mbio iliyofunguliwa Harvard mwaka 1977. Mwendo wa wakimbiaji uliongezeka kadiri ya asilimia 2 au 3, na majeraha yakapungua kama nusu. Hilo la pili ndilo kubwa, kwani mwili ni amana.

Wala tusiseme hayo ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wenziwe walieleza ya kuwa akina mama wa Kijaluo na Kikikuyu waliweza kubeba mzigo wa hata asilimia 20 ya uzito wao pasipo kutumia nguvu zaidi ya mwenda mikono mitupu. Mama zetu hupita hapa kila siku na mizigo yao. Nani kati yetu aliyeuliza?

Basi mtoto akipasua mpira, aulizwe kwanza. Na apendaye sayansi, mvulana au msichana, tusimnyime karo.

Na yule mwanafunzi wangu, ambaye sasa ni mtu mzima, namwomba radhi mbele yenu nyote.

Wabillahi tawfiq.